Kijana anajinyima chakula ili hedhi ikatike. Tuanzie wapi?

MshauriRika_Mvita
Habari zenu. Kikundini kuna kijana wa miaka 21, alizaliwa akaitwa binti lakini anaishi kama mwanamume. Anakula mlo mmoja kwa siku, hedhi imekatika miezi minne sasa, na anasema ndivyo anavyotaka. Katika maswali 5 ya SCOFF, ya kuchuja matatizo ya ulaji, alijibu "ndiyo" moja tu, kwa hiyo kwa kipimo hicho hana tatizo la ulaji. Lakini akisimama anaona giza. Apimwe nini, na tumwambie nini? Na Ramadhani ikifika?

Muuguzi_wa_zamu
Anza na hilo giza. Mlaze dakika 5, hesabu mapigo ya moyo na pima presha. Asimame, upime tena dakika ya 1 na ya 3. Mapigo yakiongezeka kwa zaidi ya 30, au namba ya juu ya presha ikishuka kwa zaidi ya 20, aende hospitali siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo akizimia, au moyo ukipiga chini ya mara 40 kwa dakika akiwa macho. Huko waombe apimwe damu kwa potasiamu, fosfeti na magnesiamu (madini ya damu) na sukari, pamoja na kipimo cha umeme wa moyo. Uzito wa kawaida usiwatulize. Mtu huweza kuwa hatarini bila kukonda.

LishePwani
Tafadhali msimrundikie sahani kwa huruma. Aliyekaa zaidi ya siku 5 akila kidogo mno, akishindiliwa pilau siku ya kwanza, insulini hupanda na kusukuma fosfeti na potasiamu ndani ya seli. Kwenye damu zinapungua, na moyo unaweza kusimama. Mtu wa namna hiyo huanzishiwa kama nusu ya mahitaji yake kwa siku 2, damu ikipimwa, na vitamini B1 hutangulia chakula. Miguu ikivimba au akichanganyikiwa wiki hiyo, rudini hospitali.

Daktari akiridhika, lengo ni milo 3 na vitafunio 2 au 3, asikae zaidi ya muda wa saa 4 bila kula. Afuate saa, asingoje njaa: tumbo lililozoea kukaa tupu huchelewa kumwaga chakula, ndiyo maana vijiko vichache vinamshibisha. Asubuhi hamri na mbaazi za nazi. Saa nne kikombe cha uji wa wimbi uliotiwa karanga za kusaga. Kama anavaa fulana ya kubana kifua, aivue wakati wa kula. Inambana tumbo la juu, anapata kiungulia, kisha anadhani chakula ndicho kibaya.

Nasaha_na_Uzazi
SCOFF ilitungwa Uingereza mwaka 1999, na inauliza kama unajiona mnene ilhali wengine wanakuona mwembamba. Huyu hajioni mnene. Anachokimbia ni nyonga, kifua na damu, basi "hapana" yake ni ya kweli, lakini tatizo bado lipo. Hata mwanamume shoga anayejinyima wanga ili misuli ionekane ataponyoka kipimo hicho vilevile. Muulize: "Ukila, ni sehemu gani ya mwili unaogopa irudi?"

Ndugu, kwake njaa ni dawa. Mkimnyang'anya bila kumpa nyingine atawaficha. Hedhi iliyokatwa na njaa ina maana estrojeni, homoni inayolinda mifupa, imeshuka, na mifupa inapungua kimyakimya. Zipo njia nyingine za kuisimamisha: vidonge vya norethisteroni kila siku, au koili yenye homoni, ingawa miezi ya mwanzo damu hutokatoka. Sindano ya dipo hupatikana kirahisi, lakini nayo hupunguza uimara wa mifupa, na yake tayari imeumia. Kipandikizi huleta damu isiyotabirika, kitamkatisha tamaa. Hakuna hata moja inayojenga mifupa, hiyo ni kazi ya chakula. Akifika mapokezi aseme tu anataka uzazi wa mpango unaosimamisha hedhi. Habari za jinsia yake azihifadhi kwa daktari anayemwamini.

MshauriRika_Mvita
Asanteni sana. Na Ramadhani?

LishePwani
Asifunge. Mgonjwa ameruhusiwa, atalipa siku zake akipona. Kizito kwake ni macho ya nyumbani, kwa hiyo daktari amwandikie mapema cheti cha mstari mmoja: asifunge kwa sababu za kiafya. Si lazima ugonjwa utajwe. Na kikundi kimtafutie mahali pa kula mchana, akae na mtu mezani hadi amalize.