Mbunge akae mihula mingapi?

Mkaazi wa Kondele: Mbunge mmoja wa zamani wa huku Magharibi mwa Kenya, aliyekaa Bungeni miaka mingi, amesema redioni kwamba muhula wa kwanza mbunge hujifunza tu, na kumwekea ukomo wa mihula miwili kama gavana ni kumtoa jikoni chakula kikiiva. Akaongeza kuwa wapya "wanajua basari tu", yaani ule msaada wa karo. Je, ukomo uwekwe?

Mwana Bondeni, Nakuru: Kuhusu kujifunza amesema kweli. Mswada ukishasomwa mara ya kwanza huenda kwa kamati, na wananchi lazima wasikizwe, Kifungu cha 118 cha Katiba. Ukishasomwa mara ya pili, Kamati ya Bunge Zima huupitia kipengee kwa kipengee. Hapo ndipo wageni hukwama: rekebisho la mbunge lisipomfikia Karani kwa maandishi saa 24 kabla ya kikao, limekwisha, hata liwe zuri vipi. Mkongwe huwa ameshalipeleka, na mwenyekiti wa kamati ameshaongea naye.

Mama Karo: Eti wanajua basari tu! Mzee aje Nyalenda shule zikifunguliwa. Basari ndiyo serikali anayoiona mzazi. Fomu inataka muhuri wa chifu na wa shule, kamati inakaa, cheki inaandikwa kwa jina la shule. Pesa za Hazina huja kwa mafungu. Fungu likichelewa, mtoto anarudishwa nyumbani na jina lake liko kwenye orodha. Anayefuatilia hilo si mjinga.

Jirani wa Milimani: Si korti ilishaitupa CDF, ule mfuko wa maeneo bunge unaotoa basari? 2022, kama sikosei.

Msoma Katiba: Unachanganya kesi mbili, ndugu. Agosti 2022 Mahakama ya Juu iliangusha sheria ya 2013. Septemba 2024 Mahakama Kuu ikaangusha ile ya 2015, ikiipa muda hadi 30 Juni 2026. Kazi ya mbunge ni kutunga sheria na kukagua serikali. Kugawa pesa ni kazi ya wengine.

Mama Karo: Basi mtuambie hao wengine ni nani, na karo watailipa lini. Sheria mnazijua, watoto hamwajui.

Jirani wa Milimani: Mimi nauliza wakongwe wenyewe. Kukaa sana kunamfanya mtu awe mwoga, akiogopa kupoteza kiti.

Mwana Bondeni, Nakuru: Hapo umewakosea watu. Martin Shikuku wa Butere alikuwa Bungeni tangu 1963. Oktoba 1975 akasema kuna watu wanataka kuliua Bunge kama chama tawala, KANU, kilivyouawa. Walipomtaka athibitishe, Naibu Spika Seroney, akiwa kwenye kiti cha Spika, akasema jambo lililo wazi halihitaji uthibitisho. Wote wawili wakatiwa kizuizini. Huo ndio uoga?

Jirani wa Milimani: Hao ni wawili. Wengine walinyamaza.

Msoma Katiba: Rudini kwenye swali. Ukomo wa wabunge hauhitaji kura ya maamuzi, maana Kifungu cha 255 kinataja muhula wa Rais, si wao. Ukipitia Bungeni, mswada unangoja siku 90 kati ya kusomwa mara ya kwanza na ya pili, kisha unataka thuluthi mbili: wabunge 233 kati ya 349, maseneta 45 kati ya 67. Hao ndio wajifungie mlango? Njia nyingine ni sahihi milioni moja, halafu mabunge ya kaunti 24.

Mama Karo: Sahihi yangu mtaipata mkinijibu ya karo.