WhatsApp imegoma kwenye simu ya zamani, na voisi za marehemu mama zimo humo

Binti_Rungwe:
Habari zenu wakuu. Niko Tukuyu. Nina simu niliyonunua Mwanjelwa mwaka 2014, Android 4.4. Kioo kina ufa, mfuniko wa betri nimeufunga kwa raba bendi, ila inapiga na kupokea vizuri tu. Tatizo WhatsApp: nikifungua naambiwa toleo hili limepitwa na wakati, nikienda Play Store naambiwa haiendani na simu yangu.

Magrupu sina shida nayo. Mama alifariki 2019. Hakujua kuandika, kwa hiyo kila asubuhi akishakamua ng'ombe alichukua simu ya kaka na kunirekodia: "Ugonile mwanangu," kisha habari zote za nyumbani, nani kaumwa, ndizi zipi zimekomaa. Zote ziko humu. Fundi mmoja pale Kabwe anasema ataiflashi kwa elfu kumi na tano. Nimpe?

Fundi_Uyole:
Dada, pole sana kwa mama. USIMPE. Kuflashi ni kuweka mfumo wa simu upya, kunafuta kila kitu kilichomo ndani.

Simu yako haijaharibika. WhatsApp siku hizi haikubali tena Android 4.4, na hiyo 4.4 ni ya 2013. Hata wenye iPhone 6 waliachwa Mei 2025. Programu imejifunga, lakini sauti hazijafungwa nayo, ni faili za kawaida. Fungua sehemu ya mafaili, ingia WhatsApp, halafu Media, halafu WhatsApp Voice Notes. Utakuta mafolda yenye namba za mwaka na wiki. Ndani kila voisi inaanza na PTT, inafuata tarehe: 20190314 ni Machi 14, 2019. Nakili folda lote kwenye memori kadi au kompyuta. Nakili, usihamishe, na usifute chochote mpaka umezisikia upande wa pili. Zinaishia na opus; simu yako ikishindwa kuzicheza, weka VLC, programu ya kucheza sauti na video, kwenye simu nyingine.

mkulima_wa_viazi:
Mimi niliwekewa GB WhatsApp, ile isiyo rasmi, na kijana wa mtaani, namba ikafungiwa wakati wa kuuza viazi. Wateja wa Dar wananitafuta hawanipati. Usikubali hiyo njia dada.

Mwl_Makambako:
Kwa kuchati tafuta simu yenye toleo jipya zaidi, hata iliyotumika, ila kabla hujalipa fungua mipangilio usome namba ya Android kwa macho yako. Muuzaji atakwambia ni mpya kwa sababu kava ni jipya.

Binti_Rungwe:
Kaka fundi, ndaga fijo, asante sana. Mdogo wangu ana kompyuta, tumechomeka waya jana usiku. Zimetoka 212. Tumeweka kwenye kompyuta, kwenye memori kadi mbili, moja nimempa kaka.

Tumesikiliza ya Aprili 2019. Mvua inapiga bati mpaka mama anapaza sauti, ndama analia nyuma, halafu anamwambia mtu pembeni, "Subiri, naongea na mwanangu." Nilikuwa nimeisahau hiyo. Kaka amesema aliyeambiwa asubiri ni yeye, alikuwa anadai simu yake.