Drag radial kwa gari ya kila siku, Nakuru
Wasee habari, niko na Mark X, natumia kila siku hapa Nakuru na siku zingine naipeleka drag (mbio fupi za mstari ulionyooka). Nataka drag radial, yaani tairi za mbio hizo, nyuma niweke Mickey Thompson ET Street R ama S/S?

— Chukua S/S bro, ina mifereji mingi kuliko R, na mvua ya huku unaijua, R ni karibu slick (tairi isiyo na mifereji), kwa maji gari itaelea.

— Hizo zote mpira ni laini ndio zishike lami, so zinaisha mbio sana. Mimi ningetafuta rimu za ziada, za kawaida wiki nzima, drag radial siku ya mbio tu. Ukifika punguza presha kidogo kidogo, zipashe moto, na tafadhali ujaze tena kabla urudi barabarani.

— Angalia tarehe ubavuni mwa tairi pia, 2319 ni wiki ya 23 ya 2019, mpira mzee haushiki.