Huduma zote zitumie databesi moja au zitumiane meseji?

mtwana_wa_kodi: Wakuu, ofisini tunaugawa mfumo wa malipo uwe huduma ndogondogo, yaani programu ndogo zinazojitegemea. Bosi anataka zote zisome na kuandika kwenye databesi ileile, mi nasema zitumiane meseji kupitia programu ya foleni inayozipokea na kuzipeleka, kama Kafka au RabbitMQ. Nani yuko sahihi?

FundiSeva: Bosi. Kwenye databesi moja unakata salio na kuandika tokeni ya umeme kwenye muamala mmoja, kimoja kikigoma vyote vinarudi. Watoto wa YouTube mnataka Kafka hata wateja 100 hamjafika.

binti_bagi: Watoto wa YouTube ndo nani? Databesi moja raha yake mpaka mtu wa ripoti abadilishe jina la safu ya jedwali Ijumaa jioni, malipo yakasimama, na wewe ushazima simu.

FundiSeva: Kwani nimetaja mtu? Aliyeguswa kajitokeza mwenyewe 😂

Chakubanga: Meseji nazo hovyo tu, juzi nimenunua umeme hela ikakatwa tokeni kimya, nikarudia, baadaye zikaja mbili

mzee_wa_kebo: Ndo mtandao huo. Ukikosa jibu hujui kama upande wa pili umekufa, unavuta tu, au kazi ishafanyika na jibu ndo limepotea njiani. Kila ombi lipewe namba yake, mpokeaji akiiona tena anarudisha jibu lilelile bila kukata hela. Kujua tukio lipi limetangulia, yule mwanasayansi wa kompyuta Lamport alishaandika tangu 1987.

binti_bagi: 1978 mzee.

FundiSeva: Wa vyeti hao, kwa miaka hamjambo! Seva ikilala saa nane usiku hamuonekani.

binti_bagi: Cheti changu kimekukosea nini? Wewe unaanzisha upya seva halafu unajiita injinia.

kimya_kingi: Si mchanganye tu? Kila huduma na databesi yake, meseji iandikwe kwenye jedwali humohumo, muamala uleule uliokata salio, halafu programu nyingine iichukue iipeleke kwenye foleni. Ikienda mara mbili, namba ya mzee inaikamata.

Chakubanga: Mi sina digrii na ninawalipa wenye digrii, tuongee hilo kwanza

mzee_wa_kebo: Unawalipa kwa wakati lakini?

mtwana_wa_kodi: Jamani, foleni yangu…

FundiSeva: Kafka ilizaliwa LinkedIn, jiulize wale walikuwa na data kiasi gani. We una wateja wangapi?

mtwana_wa_kodi: Bado hatujazindua. Ila seva bosi keshanunua.

Chakubanga: Seva gani hiyo, na mliuziwa bei gani? Mngeniuliza mimi kwanza