Gari la majitaka Mbeya: wanavuta maji, tope wanakuachia, hela wanachukua yote

Wakuu, habari za jioni. Nimekaa na hili jambo siku tatu, bado linanichoma.

Nipo Ilomba, nyumba ina wapangaji watano na mimi mwenyewe. Mwezi uliopita choo kilianza kugoma. Ukimwaga maji yanapanda kwanza, yanasimama, ndipo yanashuka taratibu. Nikajua shimo limejaa. Nikawapigia jamaa waliobandika tangazo kwenye nguzo ya umeme kule Mwanjelwa, tukakubaliana 130,000 kwa tripu, gari la lita 5,000.

Wakaja, wakatumbukiza mpira, pampu ikanguruma kama dakika kumi, wakakunja vitu vyao. "Mama, tayari, shimo jeupe." Nikalipa.

Siku ya tisa maji yakapanda tena! Nikamwita fundi aliyenijengea lile shimo. Akakata mti mrefu wa mlingoti, akauchovya mpaka ukagusa sakafu. Ulivyotoka ulikuwa mweusi tii, unanata, harufu inakukaba koo. Akaweka futi: sentimita 70 za tope. Shimo langu ni mita 2.5 kwa 1.5. Pigeni hesabu wenyewe, ni zaidi ya lita 2,600 wameziacha mle ndani na hela yangu wameondoka nayo.

Kwa asiyejua: kinyesi kizito kinazama chini, mafuta na povu vinaelea juu, maji ya katikati yanatoka kwenda shimo la kunyonyea. Kinachojaza shimo ni lile tope la chini. Ukiliacha likapanda hadi usawa wa bomba la kutokea, linaanza kwenda lenyewe kwenye shimo la kunyonyea na kuziba udongo usinywe maji. Ukifika hapo unachimba shimo jingine. Kwa bei ya tofali na saruji ya sasa, mnajua maana yake.

Na msidanganywe kwamba tope halivutiki. Fundi kanieleza: unabakiza maji kiasi, unayarudisha kwa presha, unakoroga mpaka tope lilegee, ndipo unavuta. Ni muda zaidi na dizeli zaidi. Hawataki kuchoma dizeli yao, basi.

Nikampigia dereva. Mnajua alichonijibu? "Mama, tope likishakuwa gumu mashine haiwezi. Ongeza 50,000, kijana aingie na koleo na ndoo."

Aingie mle? Kijana mwenyewe nilimwona, kandambili miguuni, hana hata glavu, umri wa mwanangu aliyemaliza kidato cha nne. Gesi ya shimo la choo inaua watu. Ile inayonuka kama yai viza, ikizidi pua inaacha kuisikia, mtu anadhani kumetulia kumbe ndiyo anaanguka. Na anayeingia kumwokoa anaanguka juu yake. Yaani mtoto wa mwenzangu afe kwa 50,000 kwa sababu ninyi mlivuta maji mkakimbia? Nilikata simu mikono inatetemeka.

Halafu stakabadhi hawakunipa. Siku ile nilimuuliza dereva anakwenda kumwaga wapi, akawasha gari. Mvua hizi tunazopigwa Mbeya, kuna majirani nao wanatapisha vyoo usiku, kila kitu kinateremka kwenye mitaro hadi kwa watu wa chini wanaochota maji mtoni. Kipindupindu tunakijua, hakitoki hewani.

Sasa naombeni msaada wa kweli, wenyeji wa Uyole, Mafiati, Soweto, kokote. Nani ana gari linalokoroga na kuvuta tope lenyewe, vijana wake wana buti na glavu, na anatoa risiti? Mniandikie inboksi. Ule mti wa mlingoti nimeuosha, nimeuegemeza ukutani. Atakayekuja, nachovya kwanza, nikiona sakafu ndipo natoa hela.