Vikokotoo vya umbali kati ya miji: muda wa safari mnautoa wapi?

Wakuu,

Hili limeshachosha. Mtu anaingiza mji A na mji B, kikokotoo kinamletea "kilomita 600", halafu chini yake kwa herufi nono: "Kwa gari: masaa 6". Masaa 6 kwa barabara ipi? Wamechukua umbali wa mstari ulionyooka, wakagawa kwa 100, basi, kazi imeisha. Mstari huo haujui mlima, ziwa wala mto usio na daraja. Kinshasa na Brazzaville zinatazamana kabisa, kati yao ni mto Kongo tu, na daraja hakuna. Kwa hesabu hizi hapo ni dakika chache kwa gari. Labda gari linaloogelea.

Barabara za kawaida huuzidi mstari mnyoofu kwa mara 1.2 hadi 1.4, na penye milima au maji hupita hapo. Sasa zidisha 600 kwa 1.3, unapata 780. Ukiweka wastani wa kilomita 60 kwa saa, maana kuna malori, miji ya njiani, matuta na kujaza mafuta, ni masaa 13. Mara mbili na zaidi ya walichoandika, na kuna watu wanapanga kuwahi ndege kwa namba hiyo!

Kwenye ndege ndiyo aibu tupu. 600 gawa kwa 900, dakika 40. Kwani ndege inakimbia 900 tangu getini? Jeti iliyo futi 35,000 huanza kushuka kama kilomita 200 kabla ya kutua, na kupanda nako kumeshakula kipande chake. Mwendo kamili unabaki katikati tu. Gawa kwa 800 kisha ongeza nusu saa ya kupanda, kushuka na kutambaa uwanjani: saa 1 na dakika 15.

Wengine wanatoa saa ya kuondoka kwenye saa ya kufika bila kuangalia tofauti ya majira ya saa, ndiyo unaona kwenda masaa 2, kurudi masaa 4, ilhali kila upande ni 3.

Na huo umbali wenyewe? Unakokotolewa kwa latitudo na longitudo za miji, yaani nyuzi zinazoonyesha mji uko wapi duniani. Latitudo ya nyuzi 6 na dakika 48 ni 6.8, maana uzi mmoja ni dakika 60. Wao wanaingiza 6.48, na hapo kilomita 35 zimeshapotea. Wengine wanasahau alama ya kutoa kwa kusini na magharibi, mji unahamia upande mwingine wa dunia.

Halafu wanajigamba na "612.347 km". Dunia si tufe kamili. Ukitumia nusu kipenyo cha kilomita 6,371 kila mahali, kosa linaweza kufika asilimia 0.5, yaani kilomita 3 hapo. Hizo mita 347 zimepimwa kutoka mlango wa nani?

Wenye tovuti hizi, umbali ubakizeni, ila andikeni wazi kuwa ni wa angani, na hiyo mistari ya muda ifuteni leo.