Bwana Msa, Willy Gamba au Joram Kiango: yupi ukimsoma mfululizo hakuchoshi?

MsomajiWaDaladala
Wakuu, habari za jioni. Nina likizo ya mwezi mzima na nimeapa simu itakaa mbali. Nataka nisome kachero mmoja kuanzia kitabu cha kwanza mpaka cha mwisho, si kurukaruka kama tulivyokuwa tukifanya sekondari. Waliobaki mezani ni watatu: Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa.

Siulizi nani bora, hilo tutabishana mpaka kuche. Nauliza hivi: ukisoma vitabu vinne vitano vya mtu mmoja, hamu inakatikia wapi? Mwaka jana nilianza na Gamba. Cha kwanza nilikimaliza kwenye foleni ya Ubungo, kwenda na kurudi. Cha pili siku tatu. Cha tatu kipo chini ya mto mpaka leo, risiti ya luku imekaa ukurasa wa arobaini na kitu. Sijui mwenye tatizo ni mimi au Willy. Nawasilisha.

ChakeChake77
Msa. Wala usijiulize mara mbili.

Mzimu wa Watu wa Kale ulishinda mashindano ya uandishi ya 1957/58, ukatoka kitabu 1960. Mwandishi ni mtu wa Makunduchi, na Kiswahili chake utakisikia mdomoni, si machoni tu. Msa hapigi mtu ngumi wala hakimbizi gari. Anakaa na kiko chake, anauliza maswali ya kipuuzi, anatazama kiatu, anatazama mkono wa mlango, na rafiki yake Najum pembeni anakisia na kukosea. Na wewe unakosea pamoja na Najum. Utamu uko hapo.

BintiWaMakumbusho
ChakeChake, kwa heshima zote, mimi nilisoma Msa vitatu mfululizo na cha tatu nikawa najua kitakachotokea. Simaanishi muuaji. Namaanisha mwendo wenyewe: kuna siri ya ukoo, kuna ndoa iliyofichwa, kuna mtu si mtoto wa anayedhaniwa baba yake, mwisho wote wanakusanywa na Msa anafumbua fumbo huku wengine midomo wazi. Ukishaujua mwendo unaanza kuruka kurasa. Na kuruka kurasa za Msa ni dhambi maana lugha ndiyo yenyewe.

Ila Gamba ndiye aliyenivunja moyo zaidi, na nilikuwa shabiki kweli. Kidato cha pili nilikuwa nataka kuolewa na Willy Gamba, msinicheke. Nimemrudia nikiwa na miaka thelathini na tano. Kila mwanamke anayeingia mlangoni anapimwa kwanza kama kitambaa dukani, kisha ama analala naye ama anataka kumuua, na mara nyingi vyote viwili. Kitabu kimoja unavumilia. Cha nne nikawa nasoma huku nimekunja uso kama mama mkwe.

Mwangaza254
Salamu kutoka Nairobi. Sisi Gamba tulimpenda kwa sababu Kufa na Kupona (1974) inamleta huku kwetu, na ilikuwa raha kumwona jasusi wa Dar akizunguka mji unaoujua. Kikosi cha Kisasi (1979) kinampeleka Kinshasa, na nakiri kwamba hicho nilikisoma mara mbili, ya pili nikiwa matatani na wazazi kwa kutolala. Nikauliza kaka yangu mbona vitabu vya kikwetu haviendi mbali hivi. Akaniambia lala.

Baada ya hapo hamu ikashuka, lakini sikumbuki lini hasa. Ilishuka tu kama chai iliyosahauliwa mezani.

MzeeWaMagazeti
Vijana, naona mnawalaumu waandishi kwa jambo ambalo si lao.

Tazameni adui wa Willy Gamba ni nani. Ni Makaburu na vibaraka wao. Kamati ya Ukombozi ya OAU, yaani Umoja wa Nchi Huru za Afrika, ilianzishwa 1963 na makao yake yalikuwa Dar es Salaam. Wapigania uhuru tulikuwa tunapishana nao mitaani, wengine walikuwa majirani. Msumbiji na Angola zilikuwa bado hazijapata uhuru wakati Kufa na Kupona inatoka. Kwa hiyo mtu akisoma kwamba nyaraka za wapigania uhuru zimeibwa, hakuwa anasoma hadithi ya kubuni peke yake. Alikuwa anatazama dirishani. Mimi nilikisoma usiku, asubuhi nikienda kazini namtilia shaka kila mtu mwenye miwani ya jua.

Msumbiji na Angola zikawa huru 1975, Zimbabwe 1980, Namibia 1990, na 1994 Mandela akaapishwa, kamati ikafungwa. Adui akaisha. Wewe uliyezaliwa baada ya hapo unabaki na ngumi, pombe kali na hoteli, na hivyo ndivyo vilivyokuwa mapambo. Joram Kiango naye kapatwa na hilohilo, mathalani Tutarudi na Roho Zetu ya 1987: adui ni Kaburu vilevile.

Msa hana adui wa aina hiyo. Adui wake ni tamaa ya urithi, na hiyo haijapata uhuru mpaka leo.

BintiWaMakumbusho
Mzee shikamoo. Hapo kwenye mapambo umenimaliza. Lakini Msa nayo ina tobo. Visa karibu vyote viko kwenye Zanzibar ya matajiri wenye mashamba, kana kwamba Mapinduzi ya 1964 hayakutokea, na vitabu sita kati ya saba vilitoka baada ya hapo. Hilo halikusumbui?

ChakeChake77
Mimi si mzee lakini nitajibu. Lilinisumbua nilipokuwa chuo kwa sababu mwalimu alisema linisumbue. Sasa hivi naona mtu aliandika dunia aliyoijua utotoni, basi. Bibi yangu alikuwa akisomewa Kisima cha Giningi na mjomba, akawa anamkatiza kila mara: "hapo kasema uongo," "hapo kweli." Hakuna kitabu kingine alichowahi kubishana nacho.

Halafu hebu hesabuni miaka. Cha kwanza 1960. Cha pili, Kisima cha Giningi, 1968. Duniani Kuna Watu 1973, Siri ya Sifuri 1974, Mke Mmoja Waume Watatu 1975, Mwana wa Yungi Hulewa 1976. Kisha kimya mpaka Kosa la Bwana Msa, 1984. Yaani miaka minane ya kungoja, vinne ndani ya miaka minne, halafu minane tena ya kungoja. Mjomba anasema vile vinne ndivyo vilivyowachosha watu wa rika lake, si kwa ubaya bali kwa kufuatana. Na lilipotoka la mwisho, jina tu liliwatosha: Msa kakosea? Msa huyuhuyu? Watu walilitafuta kwa jina lile.

MsomajiWaDaladala
Hii hesabu imenifungua macho. Kumbe mimi nataka kula kwa mwezi mmoja kitu kilichopikwa miaka ishirini na nne.

Na Joram? Mbona hamumsemi?

KondaMstaafu
Joram nimemngojea mwulize. Kwangu ndiye anayekaa katikati: ana mbio za Gamba, ana akili kidogo za Msa, na hana ofisi ya serikali nyuma yake. Anachonifanya nirudi ni wale wanaomzunguka, Inspekta Kombora anayemhitaji huku hamwamini, na Nuru, ambaye mara nyingine ana akili kumzidi. Binti, Nuru utampenda, si kitambaa dukani.

Tatizo la Joram ni kuvipata. Tulikuwa tunasoma bwenini kwa zamu, saa mbili kila mtu, kitabu kinapita vitanda kumi na viwili na kila kitanda kinakula karatasi moja. Kimoja kilinifikia hakina kurasa sita za mwisho. Mwenye kitanda cha juu akanisimulia mwisho, na muuaji akanitajia. Nimeishi na muuaji huyo miaka kumi na tisa, nimewasimulia na watoto. Nikaja kukikuta kizima kwa wale wauza vitabu vya chini pale Samora, nikasoma nimesimama. Si yeye! Jamaa aliyenidanganya sasa ni mchungaji. Nilimpigia simu, akacheka mpaka akakata.

Mwangaza254
🤣🤣 Mchungaji lazima atubu.

Kwa kuongezea tu: hata Wazungu hili liliwakuta. Conan Doyle alimchoka Sherlock Holmes akamtupa kwenye maporomoko ya Reichenbach 1893, wasomaji wakaja juu, miaka kumi baadaye akamfufua. Wasomaji ndio waliokataa kuchoka, mwandishi ndiye aliyechoka.

MzeeWaMagazeti
Marahaba, Binti. Na wewe Daladala, usisome mfululizo. Changanya. Msa mmoja, Gamba mmoja, Joram mmoja, kisha urudi kwa Msa. Ukimtoka Gamba masikio yanavuma, kile kiko cha Msa kitakutuliza. Ukimtoka Msa umesinzia kidogo, Joram atakuamsha.

BintiWaMakumbusho
Nakubali, ila aanze na Siri ya Sifuri, si Mzimu. Mzimu wengi wameusoma kwa mtihani, na ladha ya mtihani haitoki.

ChakeChake77
Hapana! Mzimu kwanza. Binti hapo tutagombana.

MsomajiWaDaladala
Nimeamua, Mzimu kwanza, samahani Binti. Halafu nitakitoa Gamba chini ya mto nione kama baada ya Msa atasomeka. Joram sina hata kimoja. KondaMstaafu, kile ulichosoma umesimama, ulikinunua?

KondaMstaafu
Nilikinunua. Kipo. Nakuazima kwa sharti moja, kurasa sita za mwisho nazichomoa kwanza. Ukifika hapo nipigie nikusimulie.